Sura ya Tano: Nani Huamua Kompyuta Yako Ibadilike Lini

Chukua laptopu tatu zinazofanana. Ya kwanza iwekee Debian, ya pili Fedora, ya tatu Arch, zote zikiwa na sura ya GNOME, halafu mwite mtu anayeshinda kwenye kompyuta ofisini umwulize ipi ni ipi. Hatajua. Ataona utepe mweusi ule ule juu ya skrini, saa katikati, aikoni zile zile. Atafungua Firefox, ataandika barua kwenye LibreOffice, atasikiliza muziki, na jioni atakurudishia mashine zako akisema ni kitu kimoja.

Sasa mwachie mwaka mzima, naye awe anakubali masasisho kila yanapokuja. Ile ya Debian utaikuta karibu kama ulivyoiacha: programu zile zile, matoleo yale yale, isipokuwa viraka vya usalama na kivinjari. Ya Fedora itakuwa imeshavuka toleo zima, pengine mara mbili. Ya Arch itakuwa imebadilika juma baada ya juma, kidogo kidogo, hadi karibu kila programu iliyokuwamo siku ya kwanza imeshapishwa na nyingine mpya zaidi. Hapo ndipo koo za Linux zinapoachana. Mabishano mengi unayoyasikia ni ya rangi na madoido, mambo ambayo unaweza kuyabadilisha mwenyewe kwa dakika kumi. Kwa mtumiaji wa kawaida, suala zito ni mwendo na mamlaka: mabadiliko yanakuja lini, na nani ameyapima kabla hayajakufikia.

Asiyejua Linux imejengwaje na atazame matatu ya Nairobi. Chasisi na injini hutoka kwa Isuzu, bodi huchomelewa gereji, na kila gereji ina mkono wake. Linux kwa maana yake kamili ndiyo hiyo chasisi: kiini alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki. Vilivyobaki vinatoka kwa watu wengine kabisa: mradi wa GNU aliouanzisha Richard Stallman mwaka 1983, GNOME, KDE, Mozilla na mamia ya vikundi vidogo, vingine vya mtu mmoja tu. Anayevikusanya vyote, akavipatanisha, akakukabidhi vikiwa kwenye flashi moja ya kusakinisha, ndiye mtengeneza distro. Distro ziko mamia, lakini ukifuatilia nasaba, nyingi unazokutana nazo zinaishia kwa wazee wachache: Debian, Red Hat, SUSE, Arch, na mzee Slackware.

Kinachofanya distro mbili ziwe za ukoo mmoja ni namna programu zinavyofungwa na ghala zinakotoka. Ukoo wa Debian hufunga kwa deb, na mtumiaji hutumia amri ya apt. Ukoo wa Red Hat hufunga kwa rpm na amri yake siku hizi ni dnf. SUSE nayo hutumia rpm, ila ghala lake ni lake na amri yake ni zypper. Arch ina pacman. Hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndilo linaloamua ushauri wa nani unakuhusu. Mwenye Linux Mint akikwama, maelekezo ya Ubuntu, ya ukoo huo huo wa Debian, yatamfaa kwa sehemu kubwa. Mwenye Fedora akinakili maelekezo hayo hayo ataambiwa amri haijulikani, na akiyalazimisha anaweza kujiharibia.

Tuanze na Debian, kwa kuwa wengi wa wasomaji wa kitabu hiki wataishia kwa mmoja wa watoto au wajukuu zake. Ian Murdock aliitangaza Agosti 1993 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na jina aliliunda kwa kuunganisha la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Debian haina mwenye mali. Hakuna kampuni nyuma yake inayoweza kuuzwa au kubadili nia. Kuna wanachama wa kujitolea duniani kote wanaomchagua kiongozi wao kila mwaka kwa kura, na kuna Mkataba wa Jamii wa mwaka 1997 unaosema wazi kwamba kipaumbele ni watumiaji na programu huria. Ghala lao lina vifurushi zaidi ya 60,000.

Mwendo wake ni wa makusudi. Programu mpya huingia kwanza katika tawi liitwalo Sid, jina la yule mtoto mharibifu wa filamu ya Toy Story, maana matoleo yote ya Debian yanabatizwa kwa wahusika wa filamu hiyo. Ikikaa siku kadhaa bila hitilafu kubwa, huhamia tawi la majaribio. Kila baada ya miaka miwili hivi tawi hilo hugandishwa, makosa yanawindwa kwa miezi, na kinachotoka ndilo toleo thabiti: Bookworm Juni 2023, Trixie Agosti 2025. Kuanzia hapo hadi mwisho wa maisha ya toleo hilo, kama miaka mitano ukijumlisha ile miwili ya timu ya huduma ya muda mrefu, mambo hayabadiliki ila pale penye tundu la usalama au kosa zito.

Kwa anayenunua bando la siku, hilo si jambo dogo. Masasisho ni machache, na yaliyo mazito mara nyingi ni ya Firefox au ya kiini. Mashine ikikaa miezi mitatu bila mtandao kisha ikaunganishwa, itashusha viraka vilivyolimbikizana na kuendelea na kazi bila makeke. Gharama yake ni kwamba utazoea kusoma habari za kipengele kipya cha programu fulani huku ya kwako ikiwa ya mwaka juzi. Mwalimu anayeandaa mitihani, karani, mwenye duka anayetunza hesabu: sijaona kwa nini mmoja wao akose usingizi kwa hilo. Mchora katuni anayefuata kila toleo la Krita, programu ya kuchorea, atakosa.

Kuna kisa kimoja kinachoionyesha Debian ilivyo kwa wema na kwa ukaidi. Kadi nyingi za waifai haziwezi kufanya kazi mpaka mfumo uzipakie programu ndogo ya kiwandani ambayo msimbo wake haujafunguliwa. Kwa kuwa si huria, Debian ilikataa kuiweka kwenye kisakinishi chake rasmi. Basi ungeketi na ThinkPad iliyotumika, yenye kadi ya Intel, katikati ya usakinishaji skrini ikakuandikia kwamba faili iitwayo iwlwifi-6000g2a-6.ucode haipo, ichomeke kwa flashi. Faili hiyo iko mtandaoni, na mtandao ndio hasa uliokuwa unautafuta. Wapo waliofungia safari hapo hapo wakarudi Windows. Palikuwa na kisakinishi kisicho rasmi chenye faili hizo, lakini kiliwekwa pembeni, mahali ambapo mgeni hakupaona. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura, na tangu Debian 12 vitu hivyo vimo ndani ya kisakinishi rasmi. Walichukua karibu miaka 30 kulikubali hilo, na walilikubali kwa kura. Mtu akiniuliza Debian ni watu wa namna gani, humsimulia kisa hicho.

Watu wengi hawakusubiri kura hiyo, kwa sababu tangu 2004 palikuwa na Ubuntu. Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini aliyeuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 na kwenda anga za juu mwaka 2002, alichukua Debian, akaajiri baadhi ya watengenezaji wake, akaweka ratiba isiyoyumba: toleo jipya kila miezi sita, na namba ya toleo ni mwaka na mwezi. Ya kwanza ilikuwa 4.10, Oktoba 2004. Kila baada ya miaka miwili, toleo la Aprili hupewa huduma ya miaka mitano. Hilo ndilo la mtu wa kawaida, na mengine katikati ni ya wenye haraka.

Umaarufu wa Ubuntu kwetu, kwa maoni yangu, ulitokana na posta kuliko ufundi. Hadi katikati ya 2009, SEACOM ilipowashwa kama mkongo wa kwanza wa baharini kuihudumia kwa intaneti pwani ya Kenya na Tanzania, nchi hizi ziliegemea satelaiti kwa mawasiliano ya intaneti ya nje. Kupakua CD nzima ya megabaiti 700 kwa kasi na bei za siku hizo ilikuwa kazi ya usiku kucha, tena umeme usikatike. Ubuntu ilikuwa na huduma ya ShipIt: unajaza anwani yako, CD inakuja kwa posta, bure, popote ulipo. Huduma hiyo ilidumu hadi 2011. Distro nyingine zilikuwa bure pia, lakini bure ya kupakua si bure kwa mtu wa sanduku la posta.

Ubuntu ina mwenyewe, kampuni ya Canonical, na mwenye nyumba huamua. Mwaka 2012 utafutaji kwenye eneo-kazi ulianza kuleta matokeo ya bidhaa za Amazon, kelele zikapigwa, baadaye ukazimwa. Siku hizi mjadala ni Snap, njia ya Canonical ya kufunga programu pamoja na vyote inavyovihitaji. Tangu toleo la 22.04 Firefox ya Ubuntu huja hivyo, hata ukiiomba kwa apt. Faida yake ni kwamba programu inafungiwa chumba chake na inasasishwa haraka. Mwenye diski ya zamani ya kuzunguka ataona kivinjari kikichelewa kufunguka mara ya kwanza baada ya kuwasha. Na mwenye bando ajue kwamba Snap hujiangalizia masasisho mara nne kwa siku na kuyashusha bila kubisha hodi. Kuna amri ya kuizuia, snap refresh --hold, ambayo ningeiandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kila laptopu ya Ubuntu inayotumia simu kama modemu.

Linux Mint ni mtoto wa Ubuntu aliyekataa baadhi ya tabia za mzazi. Clement Lefebvre aliianzisha mwaka 2006. Hujengwa juu ya matoleo ya miaka mitano ya Ubuntu tu, na tangu Mint 20 ya mwaka 2020 imeifungia Snap mlango mpaka mtumiaji aufungue mwenyewe. Sura yake, Cinnamon, ina menyu kwenye kona ya chini kushoto na utepe chini, kwa hiyo aliyezoea Windows hapotei. Kidirisha chake cha masasisho hukuonyesha kila kitu na ukubwa wake kabla hujabofya. Zana yake ya Timeshift hupiga picha ya mfumo ili uweze kurudi nyuma ukiharibu. Kama kadi ya waifai ni ya Broadcom, ya aina zile sumbufu, kidirisha cha draiva kinaweza kuichukua draiva kutoka kwenye flashi ile ile uliyosakinishia, bila mtandao. Na watengenezaji wake wanatunza toleo la akiba, LMDE, lililojengwa moja kwa moja juu ya Debian, endapo siku moja Ubuntu itatoweka au haitafaa tena. Ukinishikilia nitaje distro moja kwa mtu anayeanza leo, nitataja hii.

Hapa niseme neno kuhusu sura, maana watu hudhani mashine yao ni nzito kwa sababu ya distro. GNOME, KDE Plasma, Cinnamon, Xfce na MATE zinapatikana karibu kila ukoo. Laptopu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itapumua zaidi ikiwa na Xfce, iwe ni ya Debian au ya Fedora. Kisha utafungua vichupo ishirini vya kivinjari, na hapo hakuna ukoo utakaokuokoa.

Ndivyo ilivyo kwa lugha pia. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima yenye menyu za Kiswahili. Tafsiri ya namna hiyo hukaa ndani ya programu yenyewe, si ndani ya distro, kwa hiyo ikikubaliwa na waandishi wa programu inazifikia koo zote.

Ukoo wa Red Hat ulizaliwa katika nyumba ya biashara. Red Hat yenyewe inauza huduma kwa mabenki na makampuni. Mwaka 2019 IBM iliinunua kwa dola bilioni 34. Mtumiaji wa nyumbani anakutana na ukoo huu kupitia Fedora, iliyoanza 2003, ambamo mapya hujaribiwa kabla ya kuingia katika bidhaa ya kulipiwa. Fedora hutoka kila miezi sita hivi na kila toleo huhudumiwa kwa miezi kama 13. Ukiisahau mwaka na nusu, uko nje. Ukiwa na mtandao mzuri ni distro safi mno, mpya lakini iliyopimwa, na Torvalds mwenyewe amesema ndiyo anayoitumia.

Kinachomkera mgeni ni video. Umeunganisha simu, umenakili video ya harusi, unaifungua, sauti inatoka bila picha, au inakataa kabisa. Simu nyingi hurekodi kwa H.264 au H.265, na mbinu hizo zimefungwa na hataza. Red Hat ni kampuni ya Marekani, inaweza kushtakiwa, kwa hiyo Fedora inaacha nje vile ambavyo Debian, isiyo na kampuni, inaviweka bila wasiwasi. Dawa ni kuongeza ghala la pembeni liitwalo RPM Fusion, kazi ya dakika tano kwa anayejua kwamba lipo. Asiyejua atasema Linux haichezi video, na ataisema kwa kila mtu.

Ukoo huu una kisa kingine kinachofaa kujulikana. CentOS ilikuwa nakala ya bure ya bidhaa ya Red Hat, ikipendwa na vyuo na watunza seva. Toleo la 8 lilikuwa lihudumiwe hadi 2029. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba mwisho ni 2021. Waliokuwa wamejenga juu yake walihamia Rocky Linux na AlmaLinux, zilizoundwa kwa sababu hiyo hasa.

SUSE ilianzia Ujerumani mwaka 1992, na nyumbani hujulikana kama openSUSE. Nitaipitia haraka, ingawa haistahili: huku kwetu ni nadra kumpata anayeitumia, na hilo lina uzito wake, kama nitakavyosema mbele. Ina matawi mawili, Leap la polepole na Tumbleweed lisilo na kituo, yaani linalosasishwa mfululizo. Uzuri wake uko kwenye menyu ya kuwashia. Kila sasisho linapopita, mfumo hupiga picha yake kwanza. Likiharibu, unawasha upya, unachagua picha ya jana, na kazi inaendelea. Hakuna distro kubwa ya nyumbani iliyolifanya jambo hilo mapema na kwa wepisi kama hii bila mtumiaji kupanga chochote.

Arch haina matoleo. Judd Vinet aliianza mwaka 2002 kwa wazo kwamba mtumiaji ajenge mwenyewe na aelewe alichojenga. Unasakinisha mara moja, basi. Programu ikitoka kwa waandishi wake, baada ya siku chache iko kwako. Aliyeizoea hataki kusikia nyingine, na ensaiklopidia yake ya mtandaoni ni nzuri kiasi kwamba watu wa koo zote huisoma.

Tatizo ni kwamba Arch inadhani uko mtandaoni kila siku. Mwanafunzi anaiacha laptopu kabatini miezi minane akienda mazoezi ya kazi. Akirudi anaandika pacman -Syu, bando linashuka gigabaiti kadhaa, kisha vifurushi vinakataliwa kimoja baada ya kingine kwamba sahihi yake haiaminiki. Hakuna aliyemdukua. Katika miezi hiyo baadhi ya funguo za watunza vifurushi zimekwisha muda na wengine wapya wameingia, na pete yake ya funguo ni ya zamani. Suluhisho ni kusasisha kwanza archlinux-keyring peke yake, ndipo mengine yafuate. Tena hana ruhusa ya kuchagua kusasisha programu moja tu aliyoihitaji na kuacha nyingine: ama zote, ama asiguse, kwani nusu mpya na nusu kuukuu hugombana. Kwa mtu mwenye nyaya za faiba nyumbani haya ni mambo ya kawaida. Kwa mwenye bando ni karo ya pili.

Jamaa zake hupunguza makali. Manjaro hushikilia vifurushi kwa muda kabla ya kuvitoa. SteamOS, iliyomo ndani ya kifaa cha michezo cha Steam Deck tangu 2022, imejengwa juu ya Arch, lakini kampuni yake, Valve, imeufunga mfumo usiguswe na inausasisha mzima mzima kwa wakati inaotaka yenyewe. Wengi wanaocheza humo hawana habari kwamba wanatumia Linux, sembuse Arch.

Slackware ni ya Patrick Volkerding tangu 1993 na bado iko hai. Kutoka toleo la 14.2 hadi la 15.0 ilipita miaka mitano na ushee, 2016 hadi Februari 2022. Haikutafutii programu tegemezi. Hiyo ni kazi yako. Naiheshimu, na simpendekezei mtu.

Nje ya Linux kuna mabinamu. BSD, iliyochipuka kutoka Unix, ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ni ya kale kuliko Linux. Kama historia ingekwenda kidogo tu pembeni, sura hii ingeandikwa kuihusu. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T iliyomiliki Unix ilifungua kesi dhidi ya waliokuwa wakiuza BSD, na shauri likasimama kama wingu hadi 1994. Katika miaka hiyo hiyo Linux ilikua bila mtu wa kuidai. Torvalds aliwahi kusema kwamba BSD ya kompyuta za kawaida ingalikuwa tayari alipoanza, pengine asingeandika kiini chake.

Tofauti ya msingi ni kwamba hapa gereji na kiwanda ni kimoja. FreeBSD na NetBSD, zote za 1993, pamoja na OpenBSD ambayo Theo de Raadt aliitenga na NetBSD mwaka 1995, kila moja huandika kiini chake na zana zake za msingi pamoja, katika hifadhi moja, chini ya timu moja. Matokeo yake yanaonekana kwenye nyaraka: maelezo ya OpenBSD yanalingana na kilichomo kwenye mashine yako, kitu ambacho katika Linux hukipati kila mara. Leseni nayo ni nyepesi. Ya Linux inamtaka anayesambaza kazi iliyobadilishwa atoe na msimbo wake. Ya BSD inamruhusu achukue, abadilishe, afunge. Ndiyo sababu mfumo wa PlayStation 4 umetokana na FreeBSD na sehemu za macOS zina damu ya BSD, na mtumiaji haoni hata herufi tatu hizo. Netflix hutumia FreeBSD kwenye seva zinazosukuma video zake. OpenSSH, ambayo mafundi wa seva wa dunia nzima huitumia kuingia mashine za mbali, ni kazi ya watu wa OpenBSD, 1999.

Kwa laptopu ya kila siku habari si tamu. Kwa miaka mingi ukimaliza kusakinisha FreeBSD umeachwa mbele ya skrini nyeusi inayokuuliza jina na nywila. Eneo-kazi ni juu yako. GhostBSD hukusaidia kwa kukupa mfumo uliokwisha pambwa. Waifai imekuwa nyuma ya Linux kwa kasi na kwa idadi ya kadi zinazotambuliwa, kiasi kwamba mwaka 2024 Wakfu wa FreeBSD ulianzisha mradi maalumu wa kurekebisha laptopu. OpenBSD iliondoa kabisa Bluetooth mwaka 2014 kwa sababu msimbo wake haukuwa na wa kuutunza vizuri. Ni uamuzi wa watu waungwana, lakini spika yako ya Bluetooth haitalia. Ofisi ndogo inayotaka kompyuta kuukuu iwe seva ya mafaili au lango la mtandao, hapo BSD inakaa vizuri sana na inaweza kusahaulika kwenye kona kwa miaka.

Swali la kuchagua limekuwa la haraka zaidi tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipomaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi zilizotumika maofisini Ulaya, zile zinazopangwa kwenye maduka ya katikati ya Nairobi na Kariakoo, ni za kizazi cha 4 hadi cha 7. Hazina ubovu, ila Windows mpya haizitaki rasmi, na Linux haiulizi. Wenye mashine za biti 32 wafanye haraka: Debian 12 ndiyo ya mwisho kuwa na kisakinishi chao.

Kabla ya sifa zote nilizozitaja, mimi humuuliza mtu nani atamsaidia. Kama kuna fundi mtaani anayejua Ubuntu, au mpwa aliyeko chuoni anayetumia Mint, ukoo wa Debian umeshinda hata kama Fedora ni bora kwa mashine hiyo. SUSE nzuri isiyo na mtu wa kuiuliza ndani ya kilomita mia ni upweke. Swali la pili ni mtandao. Kama unaishi kwa bando, ogopa kila kisichokuwa na kituo.

La tatu ni mashine yenyewe, na hilo huulizwa kwa flashi. Tafuta ya gigabaiti 16, iwekee Ventoy, programu ya kuwashia mifumo kadhaa kutoka flashi moja, kisha nakili ndani yake faili za Mint, Debian na Fedora, kama gigabaiti tatu kila moja. Zipakue mahali penye waifai ya bure au kwa bando la usiku. Nenda nayo dukani, mwombe muuzaji uiwashie laptopu kwa flashi hiyo kabla hujalipa. Mfumo utafunguka bila kugusa diski. Unganisha waifai. Cheza video yenye sauti. Funga kifuniko, hesabu hadi thelathini, kifungue uone kama inaamka. Jaribu kamera na vitufe vya mwanga wa skrini. Waifai isipoonekana kwenye Mint, washa tena na Fedora, kwani kiini chake kwa kawaida ni kipya zaidi na huenda kinaijua kadi hiyo. Ikikataa kote, chomeka simu yako kwa waya na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Njia hiyo mara nyingi hukubali bila draiva yoyote, na itakupa mtandao wa kushushia kinachokosekana. Ikishindikana hata hivyo, mwambie muuzaji alete laptopu nyingine.